Mchochea moto wa treni Marekani: nani alimpangia safari, na malipo yake yalihesabiwaje

Ndani ya kichwa cha treni ya mvuke walifanya kazi watu wawili. Kulia alikaa dereva, kushoto mchochea moto. Huyu wa pili ndiye aliyelisha tanuri makaa ya mawe, akaangalia kina cha maji kwenye boila na kuongeza mengine kabla hayajashuka mno. Reli inapokata kona ya kushoto dereva haoni mbele, kwa hiyo mchochea moto ndiye aliyezitazama ishara za njiani na kuzitamka kwa sauti. Asidhani mtu kwamba ilikuwa kazi ya beleshi tu. Maji yakipungua hadi bati la juu ya tanuri likabaki kavu, bati hulegea kwa moto, boila hulipuka, na waliomo hawaponi. Wanaotaka kuona mahali penyewe wanaweza kwenda Makumbusho ya Reli Nairobi, ambako kichwa namba 5918, Mount Gelai, kimehifadhiwa. Hicho kilichoma mafuta badala ya makaa, lakini kazi ya kulinda moto na maji ilikuwa ileile.

Nazungumzia Marekani kwa sababu huko kazi hii iliandikiwa kanuni nyingi mno za malipo, na kwa sababu kanuni hizo zinaonyesha jambo ambalo watu wengi hulipita wanapozungumzia mishahara. Kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba kilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa safari uliyopangiwa. Wachochea moto wawili wenye kiwango sawa, chama kimoja na kampuni moja waliweza kumaliza mwezi na fedha zinazotofautiana sana, mmoja akiwa amelala nyumbani kwake na mwenzake akiwa hoi.

Tuanze na hesabu. Kwenye treni ya mizigo, siku moja ya malipo ilikuwa maili 100 au saa 8. Maili 100 ni kama kilomita 160. Kipimo cha saa 8 kilipata nguvu ya sheria mwaka 1916, Bunge la Marekani lilipopitisha Sheria ya Adamson baada ya vyama vinne vya wafanyakazi wa treni kutishia kugoma nchi nzima. Mahakama Kuu iliithibitisha mwaka uliofuata. Ukimaliza maili 100 kwa saa 6, umepata siku nzima na unakwenda zako. Treni ikikwama njiani ukafika baada ya saa 11, unalipwa siku nzima na saa 3 za ziada. Safari ikiwa ya maili 150, unapata siku moja na nusu hata kama umetumia saa 9 tu. Lakini saa za ziada nazo husogea mbele: unagawanya maili kwa 12.5, na jibu ndiyo saa ambazo lazima zipite kwanza. Kwa maili 150 jibu ni saa 12.

Kwenye treni ya abiria, dereva na mchochea moto walihesabiwa maili 100 au saa 5, yaani mgawanyo wa maili 20 kwa saa. Hapo ndipo penye utamu. Treni ya kasi inakata maili 150 kwa saa zisizofika 4, na mchochea moto anashuka na siku moja na nusu mkononi. Kondakta wa treni hiyohiyo, siku yake moja ilikuwa maili 150. Mchochea moto wa yadini, anayepanga mabehewa mbele nyuma usiku kucha kwa injini ndogo, hakuwa na maili za kuhesabu. Yeye alilipwa kwa saa.

Uzito nao ulikuwa na bei. Viwango vya dereva na mchochea moto vilipangwa kwa ngazi, kufuatana na uzito wa injini uliobebwa na magurudumu yanayoendeshwa. Injini kubwa ina tanuri kubwa, na tanuri kubwa linakula makaa zaidi. Naiona kanuni hii ni ya haki kabisa, kwa kuwa kampuni iliyovuta mabehewa mengi zaidi kwa injini moja ilipata faida zaidi, na anayelisha ile injini akapata sehemu yake.

Zaidi ya hapo kulikuwa na malipo ya muda usio na mwendo. Mtu aliyeitwa kazini kisha treni ikafutwa alilipwa kwa kuitwa. Aliyesafirishwa kama abiria ili akachukue treni mji mwingine alilipwa kwa safari hiyo. Aliyekaa mji wa ugenini akisubiri treni ya kumrudisha, saa 16 za kwanza zilikuwa zake mwenyewe, lakini zikizidi alianza kulipwa, hadi saa 8 kwa kila saa 24. Kanuni hii ya mwisho haikuletwa na huruma ya kampuni. Bila hiyo, mwenye reli angeweza kuwaacha watu siku mbili kwenye bweni la mji usio wao, akiwatunza kama akiba bila kutoa senti.

Sasa upangaji. Kazi zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ni safari ya kudumu: treni fulani, saa fulani, siku fulani. Ya pili ni kundi la zamu, ambalo watu wake hawana ratiba. Aliyerudi kwanza ndiye atakayetoka kwanza, na akirukwa kwa makosa analipwa fidia. Ya tatu ni orodha ya akiba. Huyu wa akiba kwenye daladala angeitwa deiwaka: anasubiri mtu augue, achukue likizo, au iongezwe treni ambayo haikutarajiwa. Mtu wa akiba hakujua kesho atakuwa wapi. Aliishi karibu na karakana, kwa sababu kijana wa kuita wafanyakazi angeweza kumgongea mlango saa 8 usiku.

Nani anapata ipi? Tarehe ya kuanza kazi ndiyo iliyoamua. Nafasi ikitokea, tangazo hubandikwa, watu huandika majina yao, na mwenye tarehe ya zamani zaidi anachukua. Safari yake ikifutwa, ana haki ya kumwondoa mdogo wake mahali popote kwenye eneo lile, na huyo aliyeondolewa anamwondoa aliye chini yake, hadi wa mwisho anajikuta kwenye orodha ya akiba au nje kabisa. Mizigo ikipungua, madereva wenyewe walirudishwa kushika beleshi, na mshindo ukashuka hadi kwa vijana wa chini. Mikataba mingi iliweka pia kikomo cha maili kwa mwezi, ili mwenye safari nono asizikusanye zote huku wengine wanakaa bila kazi. Kwa mtu wa reli, basi, ile tarehe ndiyo iliyokuwa mali. Shamba halikuwepo, duka halikuwepo. Kulikuwa na mstari mmoja wenye jina lake kwenye daftari la ukongwe.

Ndiyo maana kesi ya Bester William Steele inaumiza ukiisoma taratibu. Steele alikuwa mchochea moto mweusi kwenye reli ya Louisville & Nashville, huko Alabama. Kusini mwa Marekani kazi hii ilikuwa imeshikwa na weusi wengi, na hawakuruhusiwa kupanda kuwa madereva. Chama cha wachochea moto, kilichoanzishwa Port Jervis, New York, mwaka 1873, hakikupokea wanachama weusi. Hata hivyo, kwa kuwa weupe walikuwa wengi kwenye reli hiyo, sheria ilikipa chama hicho peke yake mamlaka ya kujadiliana na kampuni kwa niaba ya wachochea moto wote, weusi wakiwemo. Mapema zaidi, mwaka 1909, wachochea moto weupe wa Georgia waligoma wakitaka weusi waondolewe. Wasuluhishi walikataa, wakaagiza weusi walipwe sawa na weupe. Chama kiliridhia malipo hayo sawa kikitumaini kwamba kampuni, zikikosa kazi ya bei rahisi, zitaacha kuwaajiri weusi. Kanuni nzuri ilishikwa kwa nia mbaya.

Machi 1940 chama kilizipelekea kampuni 21 notisi ya kubadili mikataba. Februari 18, 1941 ukatiwa saini mkataba uliosema weusi wasizidi nusu katika kila aina ya kazi, na hadi nusu hiyo ifikiwe, kila safari mpya na kila nafasi iliyo wazi iende kwa mweupe. Steele alikuwa kwenye kundi la treni za abiria: weusi watano na mweupe mmoja. Takriban Aprili 1, 1941, maili za kundi zilipopunguzwa, nafasi zote zilitangazwa kuwa wazi. Weusi wote wakaondolewa, wakawekwa weupe wanne, kila mmoja akiwa mdogo wake kwa tarehe. Steele alikaa siku 16 bila kazi. Kisha akapelekwa treni ya mizigo ya kusimama kila kituo: kazi ngumu zaidi, saa nyingi zaidi, fedha pungufu. Baadaye hata hapo akaondolewa kumpisha mweupe mdogo wake, akashushwa injini ya yadini. Alirudishwa treni ya abiria Januari 3, 1942, baada ya kufungua kesi.

Angalia kwamba hakuna aliyegusa kiwango chake cha mshahara. Walihamisha safari tu, na kila hatua ilipita kwenye utaratibu wa kawaida wa tangazo, nafasi na kundi. Mahakama za Alabama zilimkatalia. Wakili Charles Hamilton Houston alilifikisha shauri Mahakama Kuu ya Marekani, na Desemba 18, 1944 Jaji Mkuu Harlan Fiske Stone akaandika hukumu: chama kilichopewa na sheria mamlaka ya kuwasemea watu wa kazi fulani kinawajibika kuwasemea wote, wanachama na wasio wanachama, bila ubaguzi wa rangi. Wajibu huo wa uwakilishi wa haki bado unatajwa mahakamani Marekani leo. Hukumu haikukilazimisha chama kuwapokea weusi, na hilo naliona pengo kubwa, maana kura ya kuidhinisha mkataba ilibaki mikononi mwa walewale.

Kilichoimaliza kazi yenyewe ni dizeli. Injini ya dizeli haina tanuri. Chama kiliona mapema, na mwaka 1937 kikapata mkataba wa kuweka mchochea moto kwenye dizeli zenye uzito unaozidi pauni 90,000 juu ya magurudumu. Alibaki kuwa macho ya pili na msaidizi wa dereva. Kampuni zilisema zinamlipa mtu asiye na moto wa kuchochea. Mvutano huo ulifika hadi Bungeni. Agosti 28, 1963, usiku ambao mgomo wa nchi nzima ulikuwa uanze, Rais Kennedy alitia saini sheria ya kulipeleka suala kwa wasuluhishi kwa lazima. Novemba mwaka huo waliamua kwamba hadi asilimia 90 ya nafasi za wachochea moto kwenye treni za mizigo na yadini ziondolewe. Waliotumikia miaka 10 na zaidi walilindwa, na wenye chini ya miaka 2 walitolewa kwa kiinua mgongo. Mikataba ya 1972 na 1985 ikamaliza yaliyobaki.

Hesabu ya maili haikuondoka naye. Siku moja ya malipo kwenye treni za mizigo ilipandishwa kutoka maili 100 hadi 108 miaka ya 1980, kisha hadi 130 miaka ya 1990, na madereva na makondakta wengi wa mizigo wanaendelea kulipwa kwa mtindo huo. Orodha ya akiba nayo ipo, ila siku hizi mtu huitwa kwa simu.