Kwa nini naitafuta maada ya giza kwenye galaksi hafifu

Wanafunzi wanaonijia hapa Nairobi wakitaka kuitafuta maada ya giza kwa miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa kuliko wote, huwa na hamu ya kuanza na kitovu cha galaksi yetu. Mimi huwaelekeza kwanza kwenye galaksi kibete, yaani galaksi ndogo na hafifu, ambazo kwa darubini ya miale hiyo hazionyeshi karibu chochote, na wengi hudhani kwamba ninawapunguzia kazi.

Maada ya giza inakadiriwa kuwa takriban asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni, lakini tunaitambua kwa uvutano wake tu. Nadharia moja iliyofanyiwa kazi kwa muda mrefu inasema kwamba imeundwa kwa chembe nzito ambazo, mbili zikikutana, huangamizana na kuacha chembe za kawaida, na hizo nazo huishia kutoa miale ya gama. Kwa kuwa kila tukio huhitaji chembe mbili, wingi wa miale hufuata mraba wa msongamano: panapokuwa na msongamano maradufu hutarajiwa miale mara nne. Hapo ndipo tamaa ya kukimbilia kitovuni inapotoka.

Angahewa huizuia miale hii isifike ardhini, kwa hiyo kifaa hakina budi kupelekwa angani. Kenya imo katika historia hiyo, ingawa husahaulika hata na Wakenya wenyewe: tarehe 15 Novemba 1972, setilaiti ya SAS-2, mojawapo ya darubini za mwanzo za miale ya gama, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi.

Darubini ninayoitegemea leo ni Fermi, iliyorushwa Juni 2008. Kifaa chake kikuu hakina kioo wala lenzi, maana miale ya gama hupenya vyote viwili. Badala yake kina karatasi nyembamba za tungsteni ambamo fotoni, yaani chembe moja ya mwanga huo, hugeuka kuwa elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), tabaka za silikoni zinazofuata nyayo za chembe hizo mbili, na chini yake fuwele zinazopima nishati. Data yake iko wazi kwa umma, hivyo mawingu ya Nairobi ya mwezi wa Julai hayanihusu. Nikifungua faili, kila mstari ni fotoni moja: wakati ilipofika, nishati yake na upande ilikotoka. Na upande huo wenyewe ni makisio, kwa sababu kwenye nishati ya elektronivolti bilioni 1 kosa la kawaida ni karibu nyuzi 0.8, upana unaozidi mwezi mpevu.

Sasa rudi kitovuni ukiwa na ukungu wa kiasi hicho. Mwaka 2009 Lisa Goodenough na Dan Hooper walionyesha kwamba eneo hilo lina miale ya ziada, ambayo tunajua sasa kwamba hufikia kilele kwenye elektronivolti bilioni chache, na umbo lake, yaani jinsi miale inavyogawanyika kwa nishati, linalingana vizuri na maada ya giza. Tatizo ni kwamba pulsari za kale, yaani mabaki ya nyota yaliyoshindiliwa sana, zinazozunguka mara mamia kwa sekunde hutoa miale yenye umbo linalokaribiana sana na hilo, na kitovu kina gesi, mabaki ya nyota na miale ya kosmiki (chembe zenye nishati kubwa zinazosafiri angani) ambayo lazima yote yaondolewe kwa hesabu kabla ya kuzungumzia kinachobaki. Kwa maoni yangu, ziada hiyo ni ya kweli. Mwenyewe bado hajulikani.

Galaksi kibete kama Draco na Segue 1 zina nyota chache, karibu hazina gesi na hazizai nyota mpya, ilhali maada yake ya giza ni nyingi kwa kulinganisha na nyota hizo. Miale ya ziada ikitokea huko, washukiwa wengine ni wachache. Mwaka 2015 timu ya Fermi ilichapisha uchunguzi wa galaksi 15 za namna hiyo kwa data ya miaka 6, na haikuona kitu. Kutoona huko kuna uzito: kulizikataa chembe zenye uzito chini ya takriban elektronivolti bilioni 100 (uzito wa chembe nao hupimwa kwa nishati), kwa baadhi ya njia za kuangamizana, ikiwa zinaangamizana kwa kiwango ambacho kingeeleza wingi wa maada ya giza uliopo leo.

Hata hivyo, kiasi cha maada ya giza ndani ya galaksi hizo hupatikana kwa kupima mwendo wa nyota, na katika Segue 1 nyota zilizopimwa ni makumi tu. Nyota iliyo na mwenzake inayozunguka nayo huonekana kwenda kwa kasi isiyo yake, ikaongeza uzito wa galaksi nzima kimakosa. Kwa hiyo mwanafunzi wangu hagusi faili la fotoni kabla ya kuipitia orodha ya nyota hizo, moja baada ya nyingine.