AC ya gari haipoozi? Usikimbilie kujaza gesi

Gari likianza kupuliza hewa ya uvuguvugu, neno la kwanza utakaloambiwa gereji ni "gesi imeisha, tujaze." Mara nyingine ni kweli. Lakini gesi ya AC haichomwi wala hailiwi na kompresa (pampu inayoisukuma): inazunguka ileile ndani ya mfumo uliofungwa. Ikiwa ulijaza mwaka jana na leo imekwisha, kuna mahali inavuja. Na kama ugonjwa ni feni au klachi (kiungo kinachoishikisha kompresa na injini), gesi ya nyongeza inapandisha presha na kuichosha kompresa ambayo pengine ilikuwa nzima.

Naandika hapa nikifikiria Toyota zilizotumika Japani ambazo zimejaa barabarani kwetu, IST, Vitz, Premio, Noah, zinazotumia gesi ya R134a. Gari jipya zaidi linaweza kuwa na R1234yf, ambayo ni gesi nyingine na haichanganywi na hiyo. Stika iliyo chini ya boneti inataja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Ipige picha kabla haijafutika.

Macho na mkono kwanza

Washa injini, AC, bloa (feni ya ndani) mwisho, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Hewa inatoka kwa nguvu? Kama ni dhaifu, toa kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria uangalie filta ya hewa. Filta iliyoziba vumbi inainyima kuling koili (koili baridi inayopoza hewa ya kabini) upepo, koili inaganda barafu, na hewa inazidi kupungua. Hapo gesi haihusiki kabisa.

Hewa ikiwa na nguvu lakini ya moto, fungua boneti uangalie uso wa kompresa. Puli huzunguka muda wote injini ikiwaka. Sahani iliyo mbele yake inatakiwa kuzunguka nayo pale tu AC inapowashwa. Sahani ikisimama, pima umeme kwenye plagi ya klachi. Kama volti 12 hazifiki, fuatilia fyuzi, rilei, swichi ya presha na sensa ya kuling koili. Kama zinafika na bado sahani haishiki, pima koili ya klachi: nzima husoma takriban omu 3 hadi 5. Koili ikiwa nzima, pima nafasi kati ya sahani na puli kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa kompresa nyingi za aina hii inatakiwa kuwa kati ya milimita 0.35 na 0.65. Sahani ikilika nafasi inapanuka, na koili ikipata joto sumaku yake inapungua nguvu, haifiki tena. Dalili yake haijifichi: asubuhi AC inapooza vizuri, saa nane mchana inakata. Dawa ni kufungua sahani na kupunguza washa (pete ya chuma) moja nyembamba nyuma yake. Inaniudhi kuona watu wanauziwa kompresa nzima kwa ajili ya washa.

Usikubali fundi aunganishe waya moja kwa moja kuipita swichi ya presha "ili kompresa ishike." Swichi hiyo hukata umeme wa klachi presha ikishuka kwenye psi (kipimo cha presha) 28 hivi kwa sababu maalumu: oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi. Gesi ikipungua, oili hairudi, na kompresa inajisaga yenyewe.

Ukiwa hapo mbele, tazama feni. AC inayopooza ukiwa mwendoni na kugeuka uvuguvugu kwenye foleni inalalamikia feni au kondensa (koili ya mbele ya gari inayotoa joto la gesi) iliyojaa vumbi na wadudu. Jaribio lake ni rahisi: mwagia kondensa maji safi taratibu huku AC ikifanya kazi. Hewa ya ndani ikipoa ndani ya dakika moja au mbili, tatizo ni upepo. Osha kondensa kwa maji ya kawaida. Mashine ya presha inalaza mapezi yake, na baada ya hapo upepo haupiti tena.

Mwisho gusa bomba nene linalotoka kwenye kabini kurudi kwenye kompresa. Likiwa la baridi na linatoa jasho, ilhali matundu ya dashibodi yanapuliza joto, AC yako inafanya kazi. Kilichoharibika ni mlango mdogo wa hewa unaoelekeza upepo kwenye hita. Waya wake umechomoka au mota yake imekwama.

Geji haipimi uzito

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Gari likiwa limezimwa na kupoa, pande zote mbili za geji ya presha (buluu ni presha ya chini, nyekundu ya juu) zinasoma sawa, na namba hiyo inaamuliwa na joto la mazingira. R134a safi kwenye nyuzi 30 husoma karibu psi 97. Itasoma hivyo iwe mfumo umejaa au umebaki na gesi kidogo, mradi tu kuna kimiminika ndani. Kwa hiyo namba hiyo haikuambii kiasi. Inakuambia kitu kingine chenye faida: ikiwa juu sana ya hapo, kuna hewa iliyoingia au gesi isiyo R134a. R22 ya friji na AC za nyumbani, kwa joto hilohilo, ingesoma karibu psi 158.

Sasa washa, injini ishike mizunguko 1,500, bloa mwisho. Upande wa buluu utegemee psi 21 hadi 36, upande mwekundu 200 hadi 230. Kwenye joto kali la Dar au Mombasa mwekundu unaweza kupanda zaidi bila kuwa na ubaya. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, au kuna hewa ndani, au kondensa haipati upepo. Buluu ikiwa juu na nyekundu chini, na hazitofautiani sana hata ukikanyaga mafuta, kompresa imechoka. Buluu ikizama hadi chini ya sifuri, gesi imezuiwa njiani, mara nyingi kwenye valvu ya upanuzi (inayoishusha gesi presha kabla ya kuling koili) au draya (chujio linalofyonza unyevu). Hali hiyo ikija na kuondoka, yaani baridi dakika ishirini, kisha joto, kisha baridi tena baada ya kuzima gari, ni unyevu unaoganda kwenye valvu. Draya ibadilishwe.

Kutafuta tundu, kisha kujaza kwa mizani

Gesi inapovujia huacha oili, na oili hushika vumbi. Tafuta madoa meusi yenye mafuta kwenye maungio, kwenye uso wa kondensa unaopigwa na mawe, nyuma ya klachi palipo na sili ya shafti, na kwenye vali za kujazia. Kisha jaza naitrojeni kavu kama psi 150 na upake povu la sabuni. Usitumie oksijeni kamwe: ikikutana na oili chini ya presha inaweza kulipuka. Kuling koili iko ndani ya dashibodi, sabuni haifiki. Mashine ya kunusa gesi huwekwa kwenye mdomo wa bomba linalotoa maji chini ya gari.

Baada ya matengenezo, vuta vakyumu (nyonya hewa na unyevu wote kwa pampu) dakika 30 hadi 45, funga geji, subiri dakika 15. Mshale ukirudi juu, bado kuna tundu au maji. Ukitulia, mtungi wa gesi uwekwe juu ya mizani na ziingie gramu zilizoandikwa kwenye stika. Gari dogo linaweza kuchukua gramu 450 tu, kwa hiyo kuzidisha 100 si jambo dogo. Noah yenye AC ya nyuma huchukua zaidi, usikisie. Mkono usikae karibu na gesi inayotoka, kwani huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na inaunguza ngozi kwa baridi.

Kondensa mpya ikifungwa, ongeza oili takriban mililita 40 kufidia iliyotoka na ile ya zamani. Gari la kawaida la aina hizi hutumia oili ya PAG 46. Prius na Aqua, ambazo ni haibridi (zina injini na mota ya umeme), ni habari nyingine: kompresa yao inaendeshwa na umeme wa volti nyingi, na nyaya zake zinazamishwa kwenye oili ya POE, iitwayo ND-OIL 11, isiyopitisha umeme. PAG kidogo tu ikiingia humo inashusha kinga ya umeme, na kompyuta ya gari inaweza kulizuia gari kuwaka. Hata mipira ya geji iliyotumika kwenye gari la PAG isafishwe kabla ya kuunganishwa kwenye haibridi. Muulize fundi wako hilo kabla hajafungua kofia ya kwanza.