Mtumishi wa Mungu sio mtakatifu, na kinachopimwa sio urais

Jamani naomba tuelewane leo alaf tusirudie tena. Tarehe 14 Oktoba kama kila mwaka grupu la jumuiya yetu limejaa ile meseji ya kuforwadiwa kwamba Vatikani imeshamtangaza Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, mtakatifu, chini yake watu wameandika amina amina, mara akatokea mmoja akasema hawezi kuwa mtakatifu mtu aliyetupangisha foleni ya sukari, basi wakakesha wanabishana. Mimi ni katekista, huu mwaka wa 19 nafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na kila Oktoba nashuhudia pande zote mbili zinakosea kitu kilekile.

Kwanza lile neno. Huku kwetu kila anayeshika maiki ni mtumishi wa Mungu, mpaka kwenye mabango ya mikutano ya injili. Kwa hiyo mtu akisikia Nyerere anaitwa Mtumishi wa Mungu, ama anaona ni jina la kawaida tu, ama anaruka moja kwa moja mpaka utakatifu. Kwetu Wakatoliki maana yake ni moja: kesi ya kuchunguza kama anastahili kuwa mtakatifu imefunguliwa. Basi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, ikasubiriwa ile miaka mitano, Jimbo la Musoma likafungua mchakato 2005. Mbele huko kuna fadhila za kishujaa, yaani kuthibitisha kwamba aliishi wema kupita kawaida, kuna muujiza wa kuwa mwenyeheri, ile hatua ya kabla ya utakatifu, kuna mwingine wa kuwa mtakatifu, mfiadini, aliyeuawa kwa ajili ya imani, anasamehewa ule wa kwanza, hayo mlishafundishwa kwenye kipaimara siyarudii.

Sasa tuje kwenye linaloniudhi. Watu wanadhani Kanisa linapima urais wake. Huyu anasema alituletea uhuru kwa hiyo ni mtakatifu, yule anasema Ujamaa ulishindwa kwa hiyo sio mtakatifu, na wote wawili wanaongea kana kwamba Roma kuna tume ya uchaguzi. Hapana! Swali linaloulizwa ni kwamba huyu mbatizwa aliishi imani, matumaini na mapendo kwa kiwango gani, na busara, haki, nguvu na kiasi, kila siku, mpaka mwisho, pamoja na pale ambapo kufanya hivyo kulimgharimu. Urais unaingia humo kwa sababu ndo ilikuwa kazi yake, kama ambavyo fundi atapimwa kwenye karakana yake, lakini sera kufeli sio dhambi na sera kufaulu sio fadhila.

Ndo maana mimi darasani naanzia nyumbani. Baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22, mama yake Mgaya alikuwa mmoja wao. Kijana aliyekulia kwenye boma la namna hiyo akabatizwa pale Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, ana miaka 21, mtu mzima kabisa, amesoma mafundisho kama wakatekumeni wangu wanavyosoma, na hapo huwa wanakaa vizuri kwenye benchi maana wengi wanaona aibu kubatizwa ukubwani. Januari 1953 akamwoa Maria Gabriel kanisani Musoma, mke mmoja, wakapata watoto wanane. Mwaka 1955 akaacha mshahara wa ualimu Pugu ili aendelee na TANU, chama kilichodai uhuru, na nyumbani kuna watoto wadogo. Watu wanausimulia huo uamuzi kama wake peke yake, lakini kuna mama alikuwa jikoni anawaza watoto watakula nini, na mimi siamini unaweza kuongelea fadhila za yule mzee ukamruka Mama Maria.

Alafu kuna sala. Misa alikuwa anaenda kila siku akiweza, akiwa rais na baada ya kustaafu. Na mwaka 1996 Ndanda-Peramiho, wachapishaji wa Wabenediktini, wakachapa Injili zote nne na Matendo ya Mitume alivyoziandika yeye kwa utenzi, vina na mizani. Mtu hakai na Mathayo mpaka sura ya 28 kwa mizani kama hampendi anayeandikwa humo.

Na wale wa "watakatifu ni mapadre na masista" nawajibu haraka. Mtakatifu Matia Mulumba, mfiadini wa Uganda, alikuwa na mke na watoto. Benedict Daswa wa Afrika Kusini, mwalimu mkuu, baba wa watoto wanane, ametangazwa mwenyeheri 2015. Tuendelee.

Sasa niseme na upande unaonisumbua mimi mwenyewe. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa 1962 na ilitumika. Operesheni Vijiji, ile ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya Ujamaa kati ya 1973 na 1976, watu walihamishwa kwa nguvu na kuna waliochomewa nyumba zao. Hapa sitaki kujificha nyuma ya ile hoja yangu ya sera, kwa sababu haki nayo ni fadhila. Alijua kiasi gani, aliagiza nini, alipoambiwa alifanya nini, hayo lazima yaulizwe, na anayetaka yafichwe ili mchakato uende haraka anamkosea heshima Mwalimu mwenyewe. Kuna siku nasoma hayo nabaki kimya muda mrefu, alaf kesho yake naendelea kumwombea.

La mwisho ni hili la heshima ya hadharani. Mwaka juzi nimefika kigangoni, kwenye kanisa letu dogo, asubuhi, nakuta kando ya tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, picha ya Mwalimu, imekatwa kwenye kalenda, imebandikwa kwenye boksi la biskuti, na kichwani amezungushiwa karatasi ya dhahabu ile ya kufungia zawadi, imekatwa kwa mkasi kwa uangalifu miale moja moja. Nikaitoa. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akaja, nikamwamkia, akaitikia kwa unyonge, akaniuliza mwalimu, kosa lake nini? Nikamweleza, mama, hana kosa, ila kabla Mwalimu hajatangazwa mwenyeheri haruhusiwi kuheshimiwa altareni, wala litania, wala miale, na jimbo linatakiwa lithibitishe kwamba hakuna kitu kama hicho, kwa hiyo mkionekana mnafanya mnaiharibu kesi yake. Kumwombea nyumbani, kuomba kupitia kwake, hiyo ruksa.

Akaichukua. Mimi nikabaki naumia, kwa sababu kesi yenyewe haifunguliwi bila watu wa kawaida kumwona mtu ni mtakatifu wakati Kanisa bado halijasema, na huyu mama na mkasi wake ndo watu wenyewe.

Wiki iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwa yule mama. Picha ipo ukutani sebuleni, miale yake yote. Pembeni yake kuna picha ya marehemu mume wake, alikuwa mpiga kengele wa kigango miaka mingi, na yeye amezungushiwa ya dhahabu hivyohivyo. Tukapiga ishara ya msalaba, tukaanza rozari.