Kingatiba ya matende na mabusha haiui nguvu za kiume

Umekuwa ukizunguka kwenye magrupu ujumbe usemao kwamba dawa za matende na mabusha zinazogawiwa vijijini huua nguvu za kiume. Si kweli. Dawa hizo, ivermektini na albendazoli, hushambulia minyoo inayoenezwa na mbu; kizunguzungu au homa ya muda mfupi hutokana zaidi na vimelea vinavyokufa mwilini, na hapo ndipo hofu huzaliwa, hasa kwa kuwa busha lenyewe huvimbisha korodani. Mgawadawa, ambaye mara nyingi huteuliwa na wanakijiji wenzake, hukusimamisha kwenye fito yenye alama za kimo ndipo ahesabu vidonge; mwulize jina la dawa, kisha ulithibitishe zahanati. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.