Kunqu: neno kwanza, lahani baadaye

Anayesikiliza Kunqu, opera ya kale ya China, kwa mara ya kwanza hulalamika kwamba inakwenda polepole mno. Chanzo chake ni lugha. Kichina ni lugha ya toni: silabi ile ile ikipandishwa ni neno moja, ikishushwa ni jingine. Lahani ikipanda pale toni inapotaka kushuka, msikilizaji anaweza kusikia neno lisilokusudiwa.

Karne ya 16, mwanamuziki Wei Liangfu aliyanoa mahadhi ya Kunshan, jirani na Suzhou, akizingatia hilo. Silabi hugawanywa kichwa, tumbo na mkia. Kichwa, yaani konsonanti, hutamkwa upesi na wazi. Tumbo ni irabu, nalo ndilo linalovutwa kwa nota nyingi. Mkia hufungwa taratibu, mwisho kabisa. Wanafunzi huharibu hapo: silabi inaishia na n, wao wanaikimbilia n mapema, wanaimba puani muda wote na neno linapotea.

Mtunzi naye amefungwa. Huchukua qupai, lahani zilizokwisha kuwapo, kila moja na mistari, silabi na vina vyake, akazijaza maneno. (Waliozoea mizani wataelewa taabu hiyo.) Mwandishi Tang Xianzu, katika Mudan ting ("Banda la Peoni"), tamthilia yake ya mwaka 1598 yenye maonyesho 55, alizikiuka kanuni hizo mara nyingi, na wapo waliomsahihisha maneno. Mwanamuziki Ye Tang alifanya jambo la busara zaidi, kwa maoni yangu: katika kitabu chake cha nota cha 1792 alirekebisha lahani, maneno akayaacha.

Kiongozi wa ala ni filimbi ya mwanzi, dizi. Kati ya tundu la kupulizia na matundu 6 ya vidole kuna tundu linalofunikwa kwa utando wa ndani ya tete. Utando ukilegea, sauti huwa butu. Ukikazwa mno, mvumo hupotea. Lazima ubaki na vikunjo vidogo.

Vita vya Taiping, uasi mkubwa dhidi ya utawala wa Qing wa China, viliiangamiza Suzhou mwaka 1860, na Kunqu ikadhoofika. Mwaka 1921 shule ilifunguliwa mjini humo. Wanafunzi walipewa majina ya jukwaani yenye neno chuan, "kurithisha". UNESCO iliitambua Kunqu mwaka 2001. Lakini nota za kale, gongche, huandika mifupa ya lahani tu; madoido hufundishwa kwa mdomo. Onyesho ambalo wazee wa chuan hawakumfundisha mtu limebaki na maneno na lahani, bila macho, hatua wala mrusho wa mikono mirefu ya joho.