Sukari ya Chai Ndio Inaleta Ugonjwa wa Sukari? Maswali Tunayoulizwa Kisumu

Mimi ni nesi, nahudumia watu wa sukari kwa kliniki moja hapa Kisumu. Haya ndio maswali naulizwa sana, kwa benchi ya kungoja, kwa chama, hata kwa matatu mtu akishajua kazi yangu. Nimejibu vile ningekujibu tukiwa tumekaa pamoja.

Sista, maisha yangu yote nakunywa chai vijiko vinne vya sukari. Hiyo ndio imeniletea huu ugonjwa?

Si hiyo peke yake mama, na kuna wagonjwa ambao kwao sukari haihusiki hata kidogo. Ugali, chapati, nduma, ndizi, mchele, vyote vikifika tumboni vinavunjwavunjwa vinakuwa glukosi, ile sukari ya damu, na kuingia kwa damu hata kama hujaonja sukari siku nzima, halafu kongosho, kile kiungo kiko nyuma ya mfuko wa chakula, kinatoa homoni inaitwa insulini. Insulini inafanya kazi ya makanga, inafungulia glukosi mlango iingie kwa seli itumike kama nguvu. Sasa ugonjwa wa aina ya pili, ambao ndio watu wazima wengi wako nao, unaanza pole pole seli zikiwa sugu, insulini inabisha hawafungui, kongosho linajikaza litoe nyingi zaidi, linajikaza miaka na miaka mpaka linachoka, hapo ndio sukari inabaki imerundikana kwa damu.

Kinachofanya seli ziwe sugu sana sana ni mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanajaza maini na kuzunguka matumbo, pamoja na mwili kukaa bila kazi. Sukari inachangia kwa sababu ni rahisi kula nyingi bila kushiba, na ile ziada inageuka mafuta. Piga hesabu: vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, hivyo ni vijiko 16, karibu gramu 64. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima akae chini ya gramu 50 kwa siku, na akiweza, chini ya 25. Kwa hivyo punguza, lakini usijilaumu ati chai ndio imekumaliza.

Kitu inaniuma ni mwingine, yule ameacha sukari kwa chai miaka mingi na kwa hiyo anajiona yuko salama, anakula chapati tatu na supu, anakaa kwa duka kutoka asubuhi hadi usiku, na hajawahi kupimwa. Tunamwona siku amekuja na kidonda mguuni kimekataa kupona.

Na soda je?

Hapo niko mkali. Soda nyingi za kawaida, chupa ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya sukari, na ile ya nusu lita inafika kama 13. Hakuna mtu anaweza kuweka vijiko 13 kwa chai akainywa, lakini ikiwa baridi na ina gesi inashuka kwa dakika mbili, na bado utakula lunch vile ungekula. Tafiti za watu wengi kwa miaka mingi zimeonyesha wanaokunywa soda kila siku wanapata kisukari cha aina ya pili zaidi kuliko wasiokunywa, hata ukilinganisha watu wa uzito sawa. Juisi za pakiti ni hiyo hiyo. Na vijana wangu wa boda hapo Kondele, enaji dringi na mandazi sio lunch, tena siku nzima umekalia pikipiki, tafadhali.

Sisi wa Muhoroni na Mumias tumetafuna miwa tangu utoto, mbona wazee wetu hawakuugua?

Wazee wako walilima kwa jembe na kutembea kwa miguu hadi soko na kurudi, na kusema ukweli wengine waliugua ila hakuna mtu aliwapima. Kipande cha muwa unachotafuna pole pole sio sawa na glasi ya juisi ya miwa. Lakini kama tayari uko na ugonjwa, muwa utapandisha sukari yako, usidanganywe ati ni ya asili.

Mtoto wangu wa miaka 11 amepatikana na sukari. Majirani wanasema ni mimi nilimpea peremende nyingi.

Mama, si wewe. Nasema tena, si wewe. Hiyo ni aina ya kwanza, na haina uhusiano na peremende, wala biskuti, wala kunenepa. Kinga ya mwili wa mtoto, ile inapigana na magonjwa, imekosea ikashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini na kuziua. Hakuna kitu ulimpikia ama ulimnyima kingezuia.

Huku kwetu tunapoteza watoto kwa sababu dalili zake zinapewa majina mengine. Mtoto anakonda ghafla na bado anakula, basi wazee wanasema ni chira, ile laana ya kuvunja mila, jirani ananong'ona kuhusu ukimwi, duka la dawa linauza dawa ya malaria, na wiki zinaenda. Angalia hivi: anakunywa maji usiku na mchana, anakojoa sana, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ameanza tena, na wamama wengi wananiambia waliona sisimizi wamejaa pale mtoto alikojoa nje usiku lakini hawakujua ina maana gani. Ni sukari imetoka na mkojo. Akifika hatua ya kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa nguvu na haraka, mdomo ukinuka kama matunda yameiva kupita kiasi, usingoje asubuhi, tafuta gari saa hiyo. Na ukifika, omba apimwe sukari hata kama wanaanza na malaria, ni tone moja la damu ya kidole na jibu linatoka hapo hapo.

Atadungwa insulini maisha yake yote, na ataenda shule, atacheza mpira, ataolewa ama ataoa. Kabla ya Januari 1922, wakati kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson alidungwa insulini huko Toronto akiwa wa kwanza, mtoto wa aina hii alikuwa anasubiri kifo tu. Kwa hivyo mtu akikuambia umpeleke akaombewe aache sindano, muombeeni, lakini sindano isikose hata siku moja.

Kama si sukari peke yake, ni nini kingine?

Damu ya familia kwanza. Mzazi ama ndugu yako akiwa na aina ya pili, wewe uko karibu zaidi kuipata. Umri pia, tumbo kubwa hata kama mikono ni nyembamba, kukaa sana, sigara, kulala masaa machache kila siku. Mama aliyepata sukari akiwa mjamzito, hata kama iliisha baada ya kujifungua, ako kwa hatari kubwa baadaye na anafaa kupimwa mara kwa mara, hii wengi hawaambiwi. Kuna dawa pia, hasa prednisolone na dexamethasone, na kuna watu wananunua hizo bila daktari ndio wanenepe ama maumivu ya viungo yapungue, zinapandisha sukari. Pombe nyingi ikiharibu kongosho, inaleta pia.

Halafu usifikirie wembamba ni kinga. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua aina ya tano, inayopata watu wembamba waliokosa lishe ya kutosha wakiwa wadogo.

Niache ugali?

Hapana. Punguza kipande. Nusu ya sahani iwe mboga, sukuma, mrenda, osuga, kunde, kisha omena ama samaki ama maharagwe, ugali uchukue robo. Wa wimbi na mtama ni mzuri lakini ukijaza sahani bado sukari itapanda.

Niliuziwa dawa chungu sokoni, ati uchungu unaua utamu.

Nimeona watu wameacha vidonge kwa sababu ya chupa kama hiyo, wanarudi sukari inasoma 25, juu sana kuliko kawaida. Uchungu wa mdomoni haufanyi kazi kwa damu. Mitishamba mingine inaweza kushusha kidogo, lakini hujui kipimo, na ukichanganya na dawa zako sukari inaweza kushuka sana uzimie. Kama unatumia, niambie tu, sitakugombeza, nataka kujua ndio nisikuongezee dawa vibaya.

Kitu tunajua inasaidia kuzuia ni hii: kwa utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002, watu waliokuwa wanakaribia kuugua walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ikashuka kwa asilimia 58. Kwa kundi lililopewa metformin, dawa ya kisukari, hatari ilishuka kwa asilimia 31.

Sisikii kitu mwilini. Bado nipimwe?

Ndio, kwa sababu aina ya pili inaweza kukaa miaka bila kusema. Kama umefika miaka 40, ama uko na tumbo, presha, ama mtu wa familia anaugua, nenda. Wale CHP, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumbani, tangu 2023 serikali iliwapa mabegi yenye mashine ya presha na ya sukari, uliza wa kijiji chako. Ama uende zahanati asubuhi kabla hujakula, maji tu. Mashine ikisoma chini ya 6.1 (kwa mmol/L) uko sawa, kutoka hapo hadi 6.9 unakaribia na unaweza bado kurudi nyuma, 7 na kuendelea tunarudia siku nyingine kuhakikisha kabla ya kukuandikia dawa. Na ikipatikana uko nayo, ukija kliniki njoo na watoto wako wakubwa, tuwapime wao pia siku hiyo hiyo.