Mtoto Anayezubaa Darasani: Kabla ya Kushika Fimbo, Mwite na Umguse

Kila shule zinapofunguliwa Januari, kliniki yetu ya kifafa na afya ya akili hupokea lalamiko lilelile kutoka pande mbili. Mzazi anasema mwanawe anachapwa kwa kosa ambalo mtoto mwenyewe halijui. Mwalimu anasema mtoto ana kiburi, ukimwita mara tatu anakukodolea macho tu. Siku ya Kifafa Duniani huangukia Jumatatu ya pili ya Februari, na tumeona tuitumie kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu wote wawili wanasema walichokiona, na bado mtoto anaendelea kuumia.

Ninazungumzia kifafa cha kuzubaa. Hakiangushi mtu, hakimtoi povu, hakimkakamazi. Mtoto yuko katikati ya sentensi, ghafla anakatika kama redio iliyozimika umeme, macho yanabaki wazi yakitazama mbele, pengine kope zinapepesa au mdomo unacheza kidogo. Baada ya sekunde tano, kumi, mara chache zaidi ya ishirini, anarudi na kuendelea alipoishia. Hajui kwamba kuna kitu kimempita. Huanza zaidi kati ya umri wa miaka minne na kumi, na mtoto ambaye hajatibiwa anaweza kupatwa mara kadhaa kwa siku, wengine mara mia na zaidi.

Mwalimu anayetaka ushahidi asiangalie uso, aangalie daftari la imla. Ninawaomba wazazi waje nalo, na mara nyingi linasema mengi kuliko maelezo ya mdomo. Mtoto ameandika maneno sita vizuri, la saba halipo, la nane na la tisa yapo sahihi kabisa. Mahali penye pengo, wakati mwingine kalamu imeburuza mstari mdogo kuelekea pembeni mwa ukurasa. Mtoto asiyejua kuandika angekosea herufi. Huyu hakukosea, neno lilisomwa wakati yeye hayupo.

Sasa angalia tunavyompokea anaporudi. Wenzake wanacheka na kumwita zuzu. Mwalimu anagonga meza, anamvuta sikio, au anamsimamisha hadi kipindi kiishe. Nyumbani mama anamnusisha kitunguu, bibi anasema ana wenyewe, baba anasema ni simu. Mtoto anaapa kwamba hakusikia akiitwa, na kiapo hicho kinahesabiwa uongo, kwa hiyo anaadhibiwa tena. Akikua hivyo mwaka mmoja au miwili, anaanza kuamini kwamba kweli ni mjinga. Hili ndilo linalonisikitisha kuliko ugonjwa wenyewe, maana ugonjwa una dawa.

Naomba nieleweke, si kila anayezubaa ana kifafa. Wengi hawana. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa hata uji atazubaa saa nne. Asiyelala vizuri atazubaa, mwenye usaha masikioni hatakusikia, na aliyefiwa au anayeishi kwenye nyumba ya ugomvi mawazo yake yatakuwa mbali. Tofauti unaweza kuipima palepale. Mwite kwa jina, kisha mguse bega taratibu. Aliyezama kwenye mawazo atashtuka na kukutazama. Mwenye kifafa cha kuzubaa hatarudi kwa kuguswa wala kwa kelele, atarudi wakati wake ukifika. Angalia pia kama inamtokea hata akiwa anacheza au anakula kitu anachokipenda. Mawazo huja mtu akichoka na somo. Kifafa hakichagui kipindi.

Kuna aina nyingine ambayo mtazamo hudumu kati ya nusu dakika na dakika mbili, mtu anatafuna hewa, anapapasa vifungo vya shati, na akirudi anakuwa amechanganyikiwa na kuchoka. Hiyo huwapata hata watu wazima, na nayo iletwe hospitali. Vilevile mtoto anayeinamisha kichwa tena na tena kama anayesinzia, hasa akianza kula. Katika Mahenge, wilayani Ulanga, hali hiyo ilielezwa na daktari Louise Jilek-Aall tangu miaka ya 1960, na wenyeji huiita amesinzia kichwa. Uhusiano wake na maambukizi ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo, umeendelea kuchunguzwa hadi leo.

Kliniki tunafanya jambo ambalo wazazi wengi huliona la kitoto. Tunamshikisha mtoto kipande cha karatasi mbele ya mdomo na kumwambia apulize bila kuacha kwa dakika tatu, huku mwenzangu akitazama saa. Kama ana kifafa hiki na hajaanza dawa, mara nyingi karatasi inatulia ghafla, mkono unabaki hewani, macho yanaganda. Hapo ninamwambia neno moja, tuseme "embe". Akirudi anaendelea kupuliza. Namuuliza, nimekwambia nini? Anasema hujaniambia kitu. Nimeshuhudia kina baba waliokuja wakisema mtoto anaigiza wakikaa kimya kabisa baada ya jibu hilo. Jaribio hili lifanywe na mhudumu wa afya, si nyumbani, kwa sababu lina masharti yake, hasa kwa mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali au selimundu.

Utaratibu wa kufika kwetu ni huu, na ninaueleza kwa kirefu kwa sababu ndipo watu wanapopotelea. Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Omba barua ya rufaa iliyoandikwa maelezo ya tukio, isiandikwe "kifafa" au "hasikii darasani" peke yake. Barua ioneshe lini ilianza, hudumu sekunde ngapi, mara ngapi kwa siku, na kama amewahi kuanguka au kupata degedege akiwa mdogo. Mwalimu aandike karatasi yake, aweke tarehe na sahihi, mzazi aje nayo pamoja na daftari. Mwenye simu yenye kamera arekodi tukio, sekunde kumi zinatosha, ila video hiyo isisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp, ni taarifa ya mgonjwa. Anayemleta mtoto awe ndiye anayeishi naye. Shangazi aliyetoka mkoa mwingine jana hawezi kujibu maswali yetu, na tunalazimika kumrudisha. Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, hakipatikani kila hospitali, kwa hiyo mkoa unaweza kukupeleka hospitali ya kanda au Muhimbili. Usikatishe njia. Na mtu asikatae kuingia kwa sababu mlangoni pameandikwa afya ya akili. Hospitali nyingi huhudumia kifafa chini ya paa hilohilo, haina maana kwamba mtoto ana wazimu.

Kuhusu dawa, nitakuwa mkali kidogo. Msigawane dawa za kifafa. Carbamazepine iliyomponya mtoto wa jirani inaweza kuongeza kuzubaa kwa huyu wako, na phenytoin vilevile. Phenobarbital, ambayo zahanati nyingi wanayo, haisaidii aina hii. Dawa zinazofaa zipo, ikiwemo ethosuximide na valproate, lakini valproate ina madhara makubwa kwa mtoto aliye tumboni, hivyo binti anayekaribia au aliyefikia umri wa kuzaa asianzishiwe bila daktari kulipima jambo hilo na familia. Habari njema ni kwamba wengi wa watoto hawa huachwa na ugonjwa wakifikia ujana. Kuacha dawa kwa sababu "amepona wiki mbili" si njia ya kufika huko. Atakayesema dawa ziachwe mtoto akaombewe, tumeshamjibu mara nyingi: maombi hayazuiwi na vidonge, na vidonge havizuiwi na maombi.

Sasa sheria, kwa sababu walimu huuliza na wengine hudhani hatulijui hilo. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, haziruhusu zaidi ya viboko vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kila adhabu huandikwa kwenye kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, na jina la mwalimu aliyechapa. Kanuni hizohizo zinataka uzingatiwe umri, jinsi na afya ya mwanafunzi. Neno hilo la afya limo, lisirukwe. Juu yake kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 13 kinasema marekebisho ya mtoto hayakubaliki yakizidi kiasi kwa umri na hali yake ya mwili na akili, wala pale ambapo mtoto hawezi kuelewa adhabu ni ya nini. Kwa anayekiuka, kifungu cha 14 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hatusemi kila mwalimu aliyechapa amevunja sheria, hilo huamuliwa na vyombo vinavyohusika. Tunasema mwalimu aliyekwisha kuarifiwa kwa barua ya hospitali hawezi tena kusema hakujua.

Mtoto akirudi shuleni na dawa, akae mbele. Akikatika, mwache, usimtingishe, usimpe maji, usimwekee kitu mdomoni, na wanaomcheka wanyamazishwe. Akirudi, mrudie sentensi iliyompita kwa sauti ya kawaida, kisha weka alama kwenye karatasi ya matukio. Hali ikipita dakika tano hajarudi sawasawa, apelekwe hospitali mara moja. Nyumbani asipike peke yake kwenye moto wazi, asiteke maji kisimani wala kuogelea mtoni bila mtu mzima. Kwa sasa asipande baiskeli barabarani. Karatasi ile ya matukio ije kliniki kila mwezi pamoja na kadi yake, kwa sababu dozi tunaipanga kwa kuisoma hiyo.